Zebaki ya Mwaloni na Pete ya Mama Mdogo

Msikilizaji wangu wa Katavi, uwe Mpanda mjini, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au kule wilaya ya Tanganyika kuelekea ziwani, nakuomba ukae nami kidogo. Leo nazungumza kuhusu uso. Naongea nawe unayejipaka, nawe unayeweka akiba ili upande treni ukapigwe leza Dar es Salaam au ukadungwe sindano ya kujaza mashavu, na nawe mwanamume unayemwambia mkeo kwamba siku hizi amefifia.

Nianze na pete. Mama yangu mdogo alikuwa na pete ya ndoa ya dhahabu, dhahabu ya hapahapa kwetu, iliyochimbwa Ibindi na kufuliwa na sonara wa Mpanda mjini. Aliivaa miaka 12 bila kuivua, akipika nayo, akilima nayo. Siku moja akaniita jikoni, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hebu itazame hii. Imekuwaje?" Pete ilikuwa imepauka upande mmoja, rangi yake kama bati. Tulijua moja kwa moja kwamba tumeibiwa, kwamba ile ilikuwa shaba iliyopakwa dhahabu juu. Tukaenda kwa sonara tumejiandaa kwa ugomvi. Yule mzee aliigeuza pete mara mbili, akamtazama mama mdogo usoni, akauliza, "Mama, unajipaka nini?"

Mama mdogo alikaa kimya. Mzee akasema, "Dhahabu yako ni nzuri. Imelamba zebaki."

Wewe uliyewahi kufika Ibindi au Magamba umeshaelewa. Kwa asiyejua nieleze. Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, hupelekwa karashani, kwenye mashine, likasagwa likawa unga. Unga huo huoshwa kwa maji mwaloni, mahali pa kuoshea, mchanga mzito ukabaki. Hapo ndipo mchimbaji huleta kichupa cha zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji na kung'aa kama fedha. Akiikoroga kwenye beseni pamoja na ule mchanga, zebaki hukamata kila chembe ya dhahabu inayokutana nayo. Huikamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge huchomwa motoni, zebaki inaondoka kwa moshi, dhahabu inabaki. Moshi ule una sumu, na wachimbaji wetu wameambiwa hivyo mara nyingi. Lakini ninachotaka ukishike ni hiki: zebaki ikigusa dhahabu, huing'ang'ania na kuigeuza nyeupe. Sonara amefanya kazi na dhahabu ya mwaloni maisha yake yote, kwa hiyo alichokiona kwenye kidole cha mama mdogo hakikuwa kigeni kwake.

Kigeni kilikuwa mahali ilipotoka. Mama mdogo hajawahi kukanyaga mwaloni. Zebaki yake ilitoka kwenye kikopo kidogo cha krimu ya uso, kisicho na jina la kiwanda, alichouziwa na mtu aliyemwambia kwamba ndani ya wiki 2 madoa yote yataondoka. Na yaliondoka kweli. Hilo tuseme wazi, maana tukiwadanganya wanawake kwamba krimu hizi hazifanyi kazi, watatucheka na wataendelea kuzinunua. Zinafanya kazi. Chumvi ya zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na uso huwa mweupe haraka. Ila zebaki haikai usoni. Hupenya ngozi, huingia kwenye damu, na sehemu kubwa huenda kujikusanya kwenye figo.

Hili si jambo la kusikia kwa mbali. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa watu wazima 60 waliofika Hospitali ya Kenyatta wakiwa wamevimba mwili na wanapoteza protini kwenye mkojo, yaani figo zao zilikuwa zinavuja. Walipowauliza wanajipaka nini, kama yule sonara alivyouliza, zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipoziacha krimu hizo, uvimbe ulipungua. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu uchunguzi ule, na kikopo bado kipo sokoni. Inaniuma kulisema hili, maana ubaya huu ulionekana miilini mwetu sisi Waafrika Mashariki, na sisi ndio tunaoendelea kuununua.

Shirika la Afya Duniani limetoa dalili ya kutambua kopo la namna hii, na kwa mtu wa Katavi dalili hiyo ni rahisi kushika. Ukiona karatasi ya krimu inakuagiza uvue pete, bangili na mkufu kabla ya kujipaka, au ujihadhari isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, kiweke chini kikopo hicho. Mtengenezaji anajua alichotia ndani. Tazama pia herufi Hg, au neno kalomeli, yote ni ishara ya zebaki. Na kama kikopo hakina maandishi yoyote, hapo huna hata cha kusoma.

Mji wetu una historia ndefu na madini yenye sumu. Reli ya kutoka Kaliua haikufikishwa Mpanda kwa sababu ya mpunga wala asali. Ililetwa na Waingereza miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Risasi hiyohiyo, ikiwa imesagwa na kugeuzwa poda nyeupe, ndiyo waliyojipaka mabibi wakubwa wa Ulaya kwa karne nyingi ili waonekane weupe zaidi ya weupe waliozaliwa nao. Maria Gunning, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri Uingereza nzima, alifariki mwaka 1760 akiwa bado kijana, na watu wa zama zake walisema ni poda ile iliyomuua. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kuchukia rangi uliyozaliwa nayo ni ugonjwa wa mtu mweusi peke yake. Wazungu nao waliugua, na walikufa kwa ajili yake.

Sasa tuiangalie ngozi yenyewe, maana mambo yote haya, krimu, leza, jua, yanakutana hapo. Chini kabisa ndani ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza chembe za rangi, wataalamu wanaziita melanini. Mzungu na sisi tuna idadi ya seli hizo inayokaribiana. Tofauti ni kazi ya seli hizo: zetu hutengeneza rangi nyingi zaidi. Chembe hizo zikishatengenezwa hugawiwa seli za jirani, na ndani ya kila seli hujipanga juu ya kiini kama mwavuli, ili mionzi ya jua isikichome. Kila ngozi yetu inapochomwa, iwe kwa jua, kwa uji wa moto, kwa kukamua chunusi au kwa krimu kali, seli hizi hupata habari na kuongeza rangi. Lile doa jeusi linalobaki baada ya chunusi si uchafu wala mkosi. Ni mwavuli ulioongezwa mahali palipoumia.

Na sisi mwavuli huo tunauhitaji kuliko wengi. Mpanda iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000. Jua hupita juu ya utosi wetu mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Lile la Machi mara nyingi hutukuta na mawingu ya mvua. La Oktoba hutukuta mwisho wa kiangazi, anga wazi, wakati ule ambapo Mto Katuma katika Hifadhi ya Katavi umepungua hadi viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Hilo ndilo jua ambalo mtu aliyejichubua hutembea chini yake kwenda sokoni.

Ukitaka kujua ngozi isiyo na mwavuli inapata nini katika mkoa huu, mtazame mtoto mwenye ualbino. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu kama 1,400, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto huyo hakuchagua. Midomo yake hupasuka, masikio hupata vidonda visivyopona, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana. Kwa ajili yao kuna kazi moja ya hapa Tanzania ninayojivunia. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kituo kilichoanza mwaka 1992 na kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kulianzishwa kiwanda kidogo cha kutengeneza losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wao hupewa bila malipo kupitia kliniki zao. Mzazi mwenye mtoto kama huyo hapa Katavi, uliza hospitali ya mkoa au Chama cha Watu wenye Ualbino. Usione haya, wala usimpake mafuta ya kula ukidhani yanazuia jua, maana hayazuii.

Kila ninapomfikiria mtoto huyo akihangaika kutafuta kivuli, na pembeni yake mtu mzima anayelipa fedha ili auvunje mwavuli aliopewa bure, moyo wangu unashindwa kutulia.

Niingie kwenye leza, kwa sababu nimekuwa nikiulizwa. Leza ni mwanga uliokusanywa, na kwa kazi nyingi za ngozi huchagua rangi ya kuipiga. Mwaka 1983 wanasayansi 2 wa Marekani, Anderson na Parrish, walieleza jinsi mwanga wa aina fulani unavyoweza kuunguza kitu chenye rangi inayoufyonza ndani ya ngozi na kuacha vya jirani. Hivyo ndivyo nywele za kidevuni zinavyoondolewa, ndivyo tatuu inavyofutwa. Lakini fikiri pamoja nami. Kwenye ngozi nyeupe, unywele mweusi umesimama peke yake kama kichuguu mbugani. Kwenye ngozi yetu, rangi imetapakaa kote. Leza isiyofaa itapiga unywele na itapiga ngozi vilevile, na utarudi nyumbani na malengelenge, halafu mabaka. Ndiyo maana kwa kuondoa nywele, mtu mweusi huhitaji leza ya mawimbi marefu, nanomita 1,064, ambayo hupita chini zaidi bila kunaswa sana na rangi ya juu. Mwulize anayekuhudumia mashine yake ni ya aina gani. Mwombe ajaribu kwanza sehemu ndogo, chini ya taya, na usubiri wiki kadhaa uone ngozi yako inajibu nini. Akikuambia hakuna haja, vaa viatu uondoke.

Sasa umeshapigwa, na umerudi Mpanda. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi iliyofanywa vizuri. Ngozi iliyopigwa leza ni ngozi iliyoungua, hata kama jeraha halionekani, na nimeshasema ngozi yetu ikiungua inafanya nini. Siku za kwanza osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa vidole. Dodoki likae pembeni, na taulo ligusishwe tu, lisisugue. Kama daktari hakukupa kitu kingine, paka mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato, kidogo tu, ngozi ibaki na unyevu. Vigaga vikitokea viache vianguke vyenyewe. Limao usipake. Magadi usipake. Na ukisikia mtu anakushauri ushushie na krimu ya kung'arisha ili "isikae nyeusi", huyo anakupeleka kwenye mabaka ya mwaka mzima.

Halafu jua. Ngozi ikishafunga, losheni ya kuzuia jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, ya kujaza vidole 2 kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kipimo cha 30 kikipakwa vya kutosha huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Najua bei yake, na najua si kila duka la hapa linayo. Basi kofia pana ya ukindu, mtandio ulioshuka hadi kwenye paji, mwavuli, na kazi za shambani ziishe kabla ya saa 4 asubuhi au zianze baada ya saa 10 jioni. Kama safari yako ya treni inakuweka dirishani upande wa jua, hama. Doa jeusi likitokea pamoja na juhudi zote hizo, usiogope, mengi hufifia ndani ya miezi ukiwa mvumilivu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, malengelenge au usaha vikitokea, hapo usisubiri, nenda hospitali.

Kuhusu sindano za kujaza uso, filla, nitasema machache, kwa kuwa waliofanya hapa kwetu ni wachache, lakini yale machache ni ya kufa na kupona kwa jicho. Dawa inayotumika sana ni asidi ya hialuroniki, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho hushika maji. Ikidungwa hukaa miezi 6 hadi mwaka na zaidi kidogo, kisha huyeyuka. Hatari ni mshipa. Kati ya nyusi na kuzunguka pua kuna mishipa midogo ya damu iliyounganika na mishipa ya jicho. Sindano ikiingia humo, dawa husukumwa nyuma na kuziba damu ya jicho, na jicho likikosa damu kwa muda wa kama saa 1 na nusu linaweza lisione tena. Ipo dawa ya kuiyeyusha filla hiyo, na daktari anayejua kazi yake huwa nayo mkononi kabla hajafungua sindano. Kwa hiyo swali la kwanza kwake liwe: je, umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? La pili: ile dawa ya kuyeyusha iko wapi, nioneshe. Mtu anayekudunga saluni au chumba cha hoteli akipita mikoani hana majibu hayo. Na silikoni ya maji, au mafuta ya aina yoyote, hayadungwi usoni, kwa bei yoyote ile.

Nirudi kwenye vikopo, kwa kuwa ndivyo vilivyo vingi. Zebaki haiko peke yake. Kuna hidrokinoni, na kuna krimu za steroidi kama klobetasoli, ambazo ni dawa halali za magonjwa ya ngozi lakini hutiwa kwenye mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, na kupakwa mwili mzima. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana na kidonda kidogo hakifungi. Hidrokinoni ikitumiwa miaka mingi chini ya jua inaweza kugeuka na kuleta weusi wa bluu kwenye mashavu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitafuta weupe. Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusajili vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sheria ipo. Kikopo kinapita kwa sababu kuna anayekiuliza, na anayekiuliza ameambiwa tangu utoto kwamba binti mweupe ndiye mzuri.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaowacheka wanawake hawa njiani, "uso Fanta, miguu Coca-Cola". Mama mdogo aliitwa hivyo na vijana wa bodaboda, na aliporudi nyumbani aliongeza krimu miguuni. Kejeli yao ilimuuzia kopo la pili.

Kwa sonara tulitoka tukaenda hospitali. Alikuwa na uvimbe kuzunguka macho kila asubuhi, akidhani ni usingizi, na mkojo wake ulikuwa na povu. Aliacha krimu siku ileile. Uso wake ulirudi mweusi kwa mabaka, nao ulichukua zaidi ya mwaka kutulia, lakini uvimbe uliisha, na mjukuu wake aliyekuwa akilala shavu kwa shavu naye kila usiku alipimwa pia. Pete sonara alikataa kuichoma pale dukani ili kuisafisha, akasema moshi wake hautaki. Mama mdogo ameiweka kwenye kisanduku kama ilivyo.

Wewe unayenisikiliza na kikopo kama kile kiko juu ya kabati lako, nina ombi moja kwako. Usikitupe mtoni wala chooni, wala usimgawie mdogo wako kwa kuwa wewe umekichoka. Kama hujui kina nini ndani, usikipake tena leo usiku. Kifunge kwenye mfuko, kesho asubuhi kibebe hadi kituo cha afya, umwoneshe mganga, na umwambie umekipaka kwa miezi mingapi. Kama ni steroidi atakuongoza namna ya kutoka taratibu, maana ngozi iliyoizoea huwaka ikiachwa peke yake. Kama ni zebaki, atakupima mkojo. Na kama una mtoto unayemnyonyesha au anayelala nawe, nenda naye.